Kaya na Moto wa Kiangazi

Mvua zikikatika mwezi wa tano, nchi ya Geita hupendeza macho. Mahindi yamekauka shambani yakingoja kuvunwa, pamba yaanza kupasuka, na nyasi za porini zimesimama ndefu, nyingine kupita kimo cha mtu mzima. Mwenye kaya huzitazama akafurahi kwa ajili ya ng'ombe wake. Lakini haipiti miezi miwili nyasi zile zile zimekwisha kuwa kavu, zikikanyagwa zavunjika kama makapi, na upepo wa kusini-mashariki wavuma mchana kutwa. Ndipo siku moja moshi huonekana upande wa pori. Watu hutoka uani, wakaweka viganja juu ya macho, wakaulizana, "Je, waja huku, au wapita kando?"

Swali hilo ni jema, lakini limechelewa. Aliulizaye mwezi wa nane hana tena la kufanya ila kukimbia huku na huku na ndoo ya maji. Wakati wa kuuliza ulikuwa mwezi wa tano, nyasi zilipokuwa mbichi, jembe likaingia ardhini bila taabu, na kila mtu alikuwa na nafasi ya kufikiri. Watu wengi wa Geita, na wa Shinyanga pia, ni hodari sana wa kuzima moto, lakini ni wavivu wa kuuzuia. Kijiji kizima hutoka kwa yowe moja, wanaume na wanawake, na matawi mabichi mikononi, wakapiga moto mpaka nyuso zao zikawa nyeusi kwa masizi. Huo ni ushujaa wa kweli wala haufai kudharauliwa. Ila ushujaa huo ungepata mapumziko kama kazi ya siku mbili ingalifanywa miezi mitatu mbele.

Kwanza yafaa kujua moto huo watoka wapi. Kuna wasemao kwamba ni moto wa kiangazi tu, kana kwamba kiangazi chenyewe kina kiberiti mfukoni. Katika miezi ya sita, ya saba na ya nane mvua za radi ni nadra katika nchi hii. Kwa hiyo moto wa porini huwashwa na mkono wa mtu. Mchungaji huchoma nyasi nzee ili machipukizi mabichi yatoke kwa ng'ombe wake. Mwindaji huchoma apate kuona mbele yake. Mrina asali hupanda mtini na mwenge ili kuwafukuza nyuki, kisha hushuka na mzinga wake akauacha mwenge chini ya mti. Mchoma mkaa huliacha tanuru lake usiku likapasuka ubavuni. Mkulima naye husafisha shamba jipya, akarundika magugu, akawasha, akaenda kunywa uji.

Katika nchi ya pamba kuna sababu nyingine tena. Baada ya kuvuna, mkulima hutakiwa kung'oa miti ya pamba na kuichoma, ili wadudu wanaokaa ndani yake wasiingie katika mazao ya mwaka ujao. Sheria hiyo ni njema, nayo imeokoa mashamba mengi. Lakini tazama wakati wake: mavuno ya pamba huisha katikati ya kiangazi, nyasi zikiwa kavu kabisa. Basi moto uliowashwa kwa utii wa sheria waweza kuteketeza nyumba ya jirani. Mkulima mwenye busara hukusanya miti yake ya pamba katikati ya shamba, mbali na mpaka, hulima mzingo kuizunguka, huwaambia jirani zake siku iliyotangulia, huwasha alfajiri na mapema kabla upepo haujaamka, tena haondoki mpaka amefukua majivu kwa jembe na kuyagusa. Asiyetaka taabu hiyo yote heri angoje siku nyingine.

Sasa juu ya nyumba zenyewe. Hapa pana kosa moja kubwa, nalo ni la watu wenye elimu kama la wasio na elimu. Hudhaniwa kuwa nyumba huungua kwa sababu ukuta wa moto umeifikia na kuimeza. Mara nyingi sivyo. Nyumba nyingi hushika moto kwa cheche. Upepo huokota vipande vidogo vya nyasi na magome yanayowaka, huvirusha mbele ya moto wenyewe, vikaanguka juu ya paa, chini ya upenu, katika rundo la mabua, katika kikapu kilichosahauliwa barazani. Hapo huchoma polepole bila kuonekana. Moto wa porini waweza kupita ukazimika mbali, watu wakashangilia na kurudi nyumbani, nyumba ikaanza kuwaka saa mbili baadaye.

Mambo haya yamechunguzwa kwa uangalifu. Katika miaka ya mwisho ya 1990, wataalamu walisimamisha kuta za mbao katika msitu wa kaskazini ya Kanada, kisha wakauchoma msitu kwa makusudi, na mmoja wao alikuwa Jack Cohen wa idara ya misitu ya Marekani. Moto ule ulikuwa mkali kupita moto wowote wa nyasi. Kuta zilizokuwa mita 10 kutoka msituni, baadhi yake zilishika moto. Zilizokuwa mita 20 au zaidi hazikushika. Yaani joto la moto, hata likiwa kubwa namna gani, hupungua nguvu upesi likienda mbali. Kinachovuka mita hizo 20 ni cheche tu, na cheche haina nguvu isipokuta chakula chake.

Tarehe 8 Novemba 2018 mji wa Paradise, katika jimbo la California, uliteketea karibu wote kwa moto wa porini uliosukumwa na upepo mkavu. Watu 85 walikufa katika moto ule, na majengo zaidi ya 18,000 yaliharibika. Waliokwenda kutazama baadaye waliona jambo la ajabu: nyumba zilikuwa majivu matupu, na kando yake miti ilikuwa bado ina majani mabichi. Nyumba zilikuwa zimeshikwa kwa cheche, kisha zikaambukizana zenyewe kwa zenyewe. Mji ule ulikuwa na barabara za lami, magari ya zimamoto, na maji ya bomba. Kaya iliyo kando ya pori katika Nyang'hwale au Mbogwe haina hata kimoja cha vitu hivyo, nayo haiwezi kutumainia ila usafi wa mahali pake.

Wenye paa la mabati watajibu upesi, "Mabati hayashiki moto." Ni kweli, bati halishiki moto. Lakini chini ya bati kuna nini? Kuna boriti, kuna fito, kuna makuti ya utando wa buibui na vumbi la miaka kumi, kuna viota vya shomoro. Cheche huingia pale ambapo bati halikukaa sawasawa na ukuta, nafasi ambayo hata mkono waweza kupita. Wenye nyumba ya nyasi huijua hatari yao, nao hukesha. Mwenye bati hulala usingizi. Bati ni msaada mkubwa, wala hapana mtu atakayeshauri wenye mabati warudi kwenye nyasi. Ila bati lisilozibwa ukingoni ni kama mlango mzuri usiofungwa.

Na ifikiriwe kaya moja ya desturi: nyumba kubwa, nyumba ya vijana, jiko la nje, zizi la ng'ombe, vihenge viwili, na ua wa minyaa kuzunguka. Mtu aanzie ukutani, aende nje polepole, akitazama kila kitu kwa jicho la cheche.

Hatua mbili za kwanza toka ukutani zisiwe na kitu chochote kiwezacho kuwaka. Hapo ndipo penye vita yote. Lakini katika kaya nyingi, hapo hapo ndipo panapowekwa kuni, kwa kuwa upenu huzikinga na mvua. Desturi hiyo ni njema wakati wa masika, nayo ni hatari wakati wa kiangazi. Mvua ikiwa haipo, kuni zina haja gani ya upenu? Zihamishwe hadi upande wa pili wa ua, mahali upepo uendako, siyo utokako. Mikeka mibovu, magunia, vikapu, majani makavu yaliyokusanywa na upepo pembeni mwa ukuta, vyote viondoke. Mabua ya mahindi na ya mtama, ambayo watu huyaegemeza ukutani kwa ajili ya ng'ombe au ya kupikia, yasirundikwe hata karibu na nyumba. Moto ukiingia katika rundo la mabua hakuna awezaye kulikaribia.

Kisha vihenge. Ni ajabu jinsi watu wanavyohangaikia nyumba wakasahau vihenge. Nyumba ya udongo ikiungua paa, kuta husimama, na jirani wakisaidiana paa jipya laweza kuezekwa. Kihenge kikiungua mwezi wa nane, chakula cha mwaka mzima kimekwenda, na mvua ya kupandia bado. Watoto wa kaya hiyo watakula kwa watu mpaka mavuno mengine. Kihenge chafaa kupakwa udongo nje na ndani, kifuniko chake nacho, na chini yake pafagiliwe kila juma, maana kuku na panya huangusha makapi mengi pale.

Jiko la nje lina habari yake. Kaya haingoji tu moto kutoka porini, bali nayo huweza kuuzaa. Majivu yaliyotupwa jaani asubuhi huwa na makaa ndani yake mpaka jioni, na jaa lipo karibu na nyasi kila mara. Yatosha kuyamwagia maji, au kuchimba shimo dogo kwa ajili yake. Tena siku hizi pikipiki ni nyingi Geita, na petroli huwekwa katika chupa na madumu ndani ya nyumba, wakati mwingine chini ya kitanda. Mvuke wa petroli hutambaa chini mpaka ukautafuta moto wa mafiga wenyewe. Jambo hilo halihitaji maneno mengi: petroli isilale ndani ya nyumba ya watu.

Nje ya hatua hizo za karibu, hadi mita 20 au 30, nyasi zikatwe ziwe fupi. Hapa maoni ya watu hutofautiana. Kuna wenye bidii ambao hupalilia uwanja wote ukawa mweupe kama sahani. Moto hauwezi kupita hapo, hilo ni kweli. Lakini mvua za kwanza za mwezi wa kumi zikija kwa nguvu, udongo wa juu wote huenda bondeni, na baada ya miaka michache nyumba yasimama juu ya kichuguu, misingi yake iko nje. Ni bora kulima utupu hatua chache karibu na ukuta, na mbele yake kukata nyasi tu, mizizi ikabaki kuushika udongo. Nyasi fupi huwaka kwa moto mfupi, na moto mfupi mtu huweza kuupiga kwa tawi. Mwenye shamba la mihogo au migomba heri alipande upande ule upepo utokako. Mashamba hayo ni mabichi hata kiangazi, nayo husimama badala ya ukuta.

Minyaa ni mmea uliopendwa na Wasukuma tangu zamani kwa kuzungushia kaya na kutenga malisho. Shina lake bichi limejaa maziwa, halishiki moto kwa urahisi kama nyasi. Lakini chini ya minyaa mizee huwa pana matawi makavu na nyasi zisizoguswa na jembe, kwa kuwa watu huogopa maziwa yake yasiwaingie machoni. Hofu hiyo ni ya haki, maana maziwa hayo huumiza macho vibaya. Basi wakatao wawe watu wazima, wavae nguo za mikono mirefu, wakate siku isiyo na upepo. Matawi makavu yakiondolewa, ua wa minyaa ni rafiki. Yakiachwa, ua ule ule ni utambi kuizunguka kaya.

Kwa kaya zilizo juu ya mlima, na Geita ina milima mingi ya mawe, kuna neno moja zaidi. Moto hupanda mlima kwa mbio kuliko ushukavyo, maana miali huinama na kuzikausha nyasi zilizo mbele yake. Kwa hiyo upande wa bondeni ukatwe mbali zaidi, hata mara mbili.

Vibanda vya wachimbaji wadogo wa dhahabu, vile vya Nyarugusu na Mgusu na penginepo, haviwezi kutengenezwa kwa namna hii, kwa sababu vimesongamana, navyo ni vya miti na turubai. Huko yapasa kuachwa njia kati ya vibanda, upana wa mkokoteni angalau, na kuweka mafuta ya mashine mbali. Wachimbaji hupenda kusema kuwa watahama kesho. Wengi wao husema hivyo miaka mitano.

Sasa juu ya pori lenyewe, maana kaya iliyotengenezwa vizuri bado yakaa ndani ya nchi iwakayo. Serikali imeweka Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, ambayo ina masharti juu ya kuwasha moto, na vijiji vingi vina sheria ndogo na faini zake. Faini ni ya haki, lakini mwenye kuwasha moto porini huwa hajulikani. Sheria inayokataza moto wote kabisa huleta hasara nyingine isiyotazamiwa: nyasi hujilimbikiza mwaka baada ya mwaka, na siku moto unapokuja, huja na nguvu za miaka mitatu.

Historia ya Shinyanga yaonyesha jambo hili waziwazi. Katika miaka ya 1920, Bwana C. F. M. Swynnerton alipigana na mbung'o, waletao malale, katika vichaka vya Shinyanga. Alitaka kuviua vichaka. Alifanyaje? Kwa msaada wa watemi aliwazuia watu wasichome nyasi mapema, akangoja mpaka mwisho wa kiangazi zikawa kavu kabisa, ndipo zikachomwa zote pamoja. Moto ule ulikuwa mkali mno, ukaua miti midogo na vichaka. Basi mtu apindue habari hiyo. Kama moto wa kuchelewa ndio uuao miti, moto wa mapema, wa mwezi wa sita, nyasi zikiwa bado na umande na unyevu shinani, huwa dhaifu; huchoma vipande vipande, hujizima jioni, huacha miti hai. Wazee wa kijiji wakichoma hivyo kanda chache kwa mpango, kwa ruhusa ya serikali ya kijiji, pande zile moto utokazo, pori huwa limekatwakatwa kabla ya mwezi wa tisa. Si kazi ya mtu mmoja na kiberiti chake, wala si kazi ya watoto kabisa.

Pana mahali pamoja moto wa mapema usipofaa, napo ni ngitili, malisho ambayo Wasukuma huyafunga wakati wa mvua ili nyasi zikue na kuliwa wakati wa njaa ya ng'ombe. Miti ya Shinyanga ilikuwa imekwisha karibu yote, ndipo mwaka 1986 ulipoanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioitwa HASHI, nao uliwaachia wenyeji wafufue ngitili zao kwa desturi yao wenyewe. Mradi ulipokwisha mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudi. Bukombe na Mbogwe, ambazo zilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga mpaka mkoa wa Geita ulipoundwa mwaka 2012, zaijua kazi hiyo. Lakini ngitili ni ghala la nyasi kavu, tena mara nyingi ipo nyuma ya nyumba. Cheche moja yamaliza malisho ya miezi minne kwa alasiri moja. Mwenye ngitili asiyelima njia ya kuzuia moto kuizunguka, upana wa hatua sita au zaidi, amewekea akiba moto, siyo ng'ombe.

Mtu atauliza, "Na jirani asiyetaka je?" Swali hili ndilo gumu kuliko yote. Kaya moja husafishwa vizuri, na ya pili yake imeachwa, mwenyewe amekwenda machimboni tangu mwezi wa nne, mkewe yu peke yake na watoto wadogo na bibi kizee asiyeweza kukimbia. Kusema "shauri lake" si jibu, kwa kuwa nyumba yake ikiwaka itarusha cheche juu ya zote. Wasukuma wana desturi ya kulimiana kwa zamu, wana mikutano ya dagashida ya kuamua mambo ya ardhi, na tangu miaka ya 1980 wana sungusungu walinzi wa vijiji. Nguvu zote hizi huamshwa mwizi wa ng'ombe akija. Moto ni mwizi achukuaye ng'ombe, na kihenge, na paa pia. Yafaa atafutwe kabla hajaja. Siku moja ya mwezi wa sita itengwe, watu wapite kaya hadi kaya, waanzie kwa wajane na wazee na kwa yule ambaye mumewe hayupo.

Na moto ukija hata hivyo? Kila kaya iwe imekwisha kuchagua mahali pa kukimbilia: shamba lililolimwa, uwanja wa mpira wa shule, mahali penye mchanga mtupu. Watoto wadogo na wazee waende huko mapema, moshi ukiwa bado mbali, na mtoto mkubwa mmoja awe ametajwa jina lake mbele kuwa ndiye wa kumshika bibi mkono. Ng'ombe wafunguliwe zizini. Mtu asikimbie kupanda mlima mbele ya moto. Moto uliopita kimo cha mtu haupigwi kwa tawi. Jeshi la Zimamoto huitwa kwa simu namba 114, bila malipo, ingawa safari toka mjini ni ndefu. Aliyeungua apozwe kwa maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha apelekwe zahanati. Asipakwe samli wala asali wala dawa ya meno.

Shule za msingi hufungwa mwezi wa sita, na watoto hurudi nyumbani wakati ule ule kazi hii itakiwapo. Mtoto wa darasa la sita hawezi kulima njia ya moto, lakini ufagio waweza mikono yake, na hapana mwingine katika kaya aliye mwepesi kama yeye wa kupanda ngazi, kuangalia chini ya bati, na kutoa viota vya shomoro vya mwaka jana.